Homoni na Hatari ya Saratani ya Matiti: Ni Kipimo Kipi Kimfaacho Mwanamke?

Makala ya mafunzo kwa watoa huduma za afya, wagonjwa na familia zao

Utangulizi

Mama wa miaka 44 anafika katika kituo cha afya akiwa na bahasha mkononi. Ndani yake mna karatasi ya majibu ya damu yenye orodha ya homoni, na mbele ya kila homoni pameandikwa tarakimu. Miezi mitano iliyopita, alipokuwa akioga, aligusa uvimbe mdogo katika titi la kushoto. Haukumuuma. Muuza dawa wa mtaani kwake alimwambia kuwa huo ni mvurugiko wa homoni, akamuuzia dawa ya kuzisawazisha. Dawa ilipokwisha na uvimbe ukabaki, alishauriwa akapime kiwango cha homoni katika damu. Majibu yalionesha kuwa viwango vyake ni vya kawaida, naye akarudi nyumbani akiwa na moyo mkunjufu. Leo amekuja kwa sababu ngozi iliyo juu ya uvimbe imeanza kubonyea ndani.

Mfano huu tumeutunga kwa ajili ya somo, lakini muuguzi au tabibu aliyehudumia wanawake kwa muda wa kutosha ataitambua sura yake. Mama huyu amepimwa kitu ambacho hakikuhitajika, na kile kilichohitajika hakikupimwa. Miezi mitano imepotea, na katika saratani ya matiti miezi mitano ni mali isiyorudishwa.

Kwa mujibu wa makadirio ya kimataifa ya mwaka 2022, wanawake wapatao milioni 2.3 duniani waligundulika kuwa na saratani ya matiti mwaka huo, na wapatao 670,000 walifariki kwa ugonjwa huo. Ni kweli kwamba homoni zina sehemu kubwa katika chanzo cha ugonjwa huu. Lakini ukweli huo, usipoelezwa vizuri, huzaa hofu mahali pasipo na hatari na kuleta utulivu mahali penye hatari. Makala haya yanakusudia kuuweka ukweli huo mahali pake.

Baada ya kuyasoma, msomaji ataweza:

- kueleza jinsi estrojeni inavyohusiana na saratani ya matiti;
- kutofautisha hatari ya kundi la watu na hatari ya mtu mmoja;
- kumshauri mwanamke kuhusu uzazi wa mpango na homoni za baada ya ukomo wa hedhi;
- kueleza kwa nini kipimo cha vipokezi vya homoni katika kinyama cha uvimbe kina thamani kuliko kipimo cha homoni katika damu.

1. Homoni hufanya nini katika titi?

Homoni ni kemikali zitengenezwazo na tezi za mwili na kusafirishwa na damu hadi kwenye viungo vinavyozihitaji. Kwa mwanamke ambaye bado anapata hedhi, estrojeni na projesteroni hutoka zaidi katika ovari. Ndizo zinazokuza matiti wakati wa kubalehe, zinazoyajaza kabla ya hedhi, na zinazoyaandaa kwa kunyonyesha wakati wa ujauzito. Bila homoni hizi hakuna uzazi, na mifupa ya mwanamke hudhoofika mapema. Kwa hiyo isichukuliwe kuwa estrojeni ni sumu.

Hatari hutokana na kazi yake yenyewe. Estrojeni huingia katika seli ya titi na kushikamana na kipokezi, kama ufunguo unavyoingia katika kufuli lake. Kipokezi kikishafunguliwa, seli huamriwa kukua na kugawanyika. Kila seli inapogawanyika hulazimika kunakili jeni zake zote, na kila nakala ni nafasi ya kosa kutokea. Makosa mengi hurekebishwa na mwili. Machache husalia, na yakilundikana kwa miaka mingi, seli moja yaweza kuasi utaratibu. Tena, seli iliyokwisha kuasi, kama bado ina vipokezi, huendelea kulishwa na estrojeni ileile.

Baada ya ukomo wa hedhi, ovari huacha kutoa estrojeni kwa wingi, lakini homoni hiyo haiishi kabisa mwilini. Kimeng'enya kiitwacho aromatasi, kilichomo katika mafuta ya mwili na katika titi lenyewe, huzigeuza homoni za kundi la androjeni, zitokazo zaidi katika tezi zilizo juu ya figo, kuwa estrojeni. Jambo hili litatusaidia kuelewa habari za unene hapo mbele.

2. Uhusiano huu ulivyogunduliwa

Dalili za kwanza zilionekana kabla neno homoni halijatungwa. Mwanzoni mwa karne ya 18, tabibu wa Italia Bernardino Ramazzini aliandika kwamba saratani ya matiti ilionekana zaidi kwa watawa wa kike kuliko kwa wanawake wengine. Hakujua sababu, lakini alikuwa amegusa jambo kubwa: mwili usiobeba mimba wala kunyonyesha hupitia mizunguko mingi zaidi ya hedhi.

Mwaka 1896, daktari wa upasuaji George Beatson wa Glasgow, Uskoti, alitangaza katika jarida la Lancet kwamba aliondoa ovari za mwanamke kijana ambaye saratani yake ya titi ilikuwa imerudi, na uvimbe ukanywea. Beatson alikuwa amejifunza kwamba wafugaji waliondoa ovari za ng'ombe ili waendelee kutoa maziwa, akatambua kwamba ovari na titi vinawasiliana kwa njia fulani. Estrojeni yenyewe haikutengwa katika hali safi hadi mwaka 1929.

Mwaka 1926, daktari Janet Lane-Claypon wa Uingereza alilinganisha wanawake 500 wenye saratani ya matiti na 500 wasiokuwa nayo. Aliona kuwa wagonjwa walikuwa wamezaa watoto wachache zaidi, waliolewa wakiwa na umri mkubwa zaidi, na walinyonyesha kwa muda mfupi zaidi. Karibu karne moja baadaye, matokeo yake bado yanasimama.

3. Damu ya wanawake wengi inasema nini?

Mwaka 2002, watafiti waliunganisha takwimu za tafiti tisa ambamo wanawake waliokwisha kukoma hedhi walitolewa damu wakiwa na afya njema, kisha wakafuatiliwa kwa miaka. Wanawake 663 kati yao walipata saratani ya matiti, nao wakalinganishwa na 1,765 ambao hawakuipata. Wale waliokuwa katika kundi la juu kabisa la estrojeni walikuwa na hatari iliyokaribia mara mbili ya wale wa kundi la chini kabisa. Testosteroni, ambayo hugeuzwa kuwa estrojeni, ilionesha mwelekeo uleule.

Kwa wanawake ambao bado wanapata hedhi, uchambuzi wa tafiti saba uliochapishwa mwaka 2013 ulionesha uhusiano wa namna hiyo hiyo, ingawa ulikuwa dhaifu zaidi. Kiwango cha estrojeni kilipokuwa maradufu, hatari iliongezeka kwa takribani moja ya tano.

Basi, sayansi haina shaka kwamba homoni na hatari huenda pamoja. Swali linalobaki ni hili: je, karatasi ya majibu ya mwanamke mmoja yaweza kumweleza lililo mbele yake? Tutalirudia swali hilo baada ya kuangalia mambo yanayoongeza au kupunguza homoni katika maisha ya kila siku.

4. Hedhi, uzazi na kunyonyesha

Kwa seli ya titi, muda ambao imekaa chini ya homoni una uzito mkubwa. Uchambuzi wa tafiti 117 uliochapishwa mwaka 2012 ulionesha kuwa kila mwaka mmoja wa kuvunja ungo mapema zaidi huongeza hatari kwa takribani asilimia 5, na kila mwaka mmoja wa kuchelewa kukoma hedhi huongeza hatari kwa takribani asilimia 3.

Uzazi na kunyonyesha hupunguza hatari. Uchambuzi wa tafiti 47 kutoka nchi 30, uliochapishwa mwaka 2002, uliona kuwa hatari hupungua kwa asilimia 7 kwa kila mtoto anayezaliwa, na hupungua tena kwa asilimia 4.3 kwa kila miezi 12 ya kunyonyesha, miezi yote ya watoto wote ikijumlishwa. Mama aliyenyonyesha watoto wanne, kila mmoja kwa miaka miwili, amejijengea kinga ya miaka minane.

Yapo mambo mawili ya kuangaliwa hapa. Kwanza, kinga ya uzazi huja polepole. Katika miaka michache ya mwanzo baada ya kujifungua hatari hupanda kidogo kabla ya kushuka. Hivyo uvimbe kwa mama anayenyonyesha usipuuzwe kwa kudhaniwa kuwa ni maziwa yaliyoganda. Pili, tafiti zinaonesha kuwa kuzaa mtoto wa kwanza katika umri mdogo kunahusiana na hatari ndogo zaidi, lakini hilo haliwezi kuwa ushauri wa kuwaozesha mabinti. Madhara ya mimba za utotoni kwa uhai, elimu na afya ya binti ni makubwa mno. Kunyonyesha, kwa upande mwingine, ni ushauri ambao twaweza kuutoa bila kusita.

5. Unene na pombe

Tumeona kuwa baada ya ukomo wa hedhi mafuta ya mwili ndiyo kiwanda cha estrojeni. Kwa sababu hiyo, mwanamke mwenye uzito uliopitiliza katika umri huo huwa na estrojeni nyingi zaidi katika damu, na hatari yake ya saratani ya matiti huongezeka. Kabla ya ukomo wa hedhi unene hauonekani kuongeza hatari hii kwa namna hiyo, lakini uzito wa miaka 35 mara nyingi ndio unaoingia nao mtu katika miaka 55. Mazoezi ya mwili hupunguza hatari, yawe ya kutembea kwa haraka, kulima au kucheza ngoma.

Pombe nayo huongeza estrojeni, na pia huharibu jeni moja kwa moja. Kila gramu 10 za kilevi kwa siku, kiasi kinachokaribia kile kilichomo katika glasi ndogo ya mvinyo, huongeza hatari kwa takribani asilimia 7. Hakuna aina ya pombe iliyosalimika katika hesabu hii, iwe ya dukani au ya kienyeji.

6. Uzazi wa mpango: hofu na hesabu

Hapa ndipo wanawake wengi wanapokwama. Husikia kwamba vidonge, sindano au vipandikizi vyenye homoni vinaleta saratani, wakaviacha, na baadhi yao wakapata mimba ambayo hawakuipanga. Mtoa huduma hana budi kuzieleza takwimu kama zilivyo, bila kuzificha wala kuzikuza.

Utafiti uliofanyika Denmark na kuchapishwa mwaka 2017 uliwafuatilia wanawake wapatao milioni 1.8. Waliotumia njia za homoni walikuwa na hatari iliyozidi ya wengine kwa takribani asilimia 20. Tarakimu hiyo yatisha ikisomwa peke yake. Lakini kwa hesabu ya watu, maana yake ni mgonjwa mmoja wa ziada kwa kila wanawake wapatao 7,690 wanaotumia njia hizo kwa mwaka mmoja. Kwa walio chini ya miaka 35, ambao saratani hii ni adimu kwao, ni mgonjwa mmoja wa ziada kwa kila wanawake 50,000. Hatari hiyo hupungua baada ya kuacha. Aidha, vidonge vyenye estrojeni na projestojeni hupunguza hatari ya saratani ya ovari na ya mji wa mimba, na kinga hiyo hudumu kwa miaka mingi.

Kuhusu sindano ya miezi mitatu, utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 1991 na kuwahusisha wanawake wa Kenya, Mexico na Thailand haukuona ongezeko la jumla la saratani ya matiti kwa watumiaji, ingawa ulionesha ongezeko dogo katika miaka ya mwanzo ya matumizi.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani waweza kufupishwa hivi:

- Mwanamke ambaye mama au dada yake aliugua saratani ya matiti anaweza kutumia njia yoyote ya homoni.
- Mwanamke mwenye uvimbe usiochunguzwa anaweza kuendelea na njia yake kwa kawaida, ila uvimbe huo uchunguzwe mapema iwezekanavyo.
- Mwanamke mwenye saratani ya matiti asitumie njia yoyote ya homoni. Kitanzi cha shaba hakina homoni na humfaa.

7. Homoni baada ya ukomo wa hedhi

Baadhi ya wanawake hupewa homoni ili kutuliza joto la ghafla, jasho la usiku na ukavu wa uke. Utafiti mkubwa wa Marekani uliowahusisha wanawake 16,608 ulisimamishwa mwaka 2002 kabla ya muda wake, baada ya kuonekana kuwa estrojeni ikichanganywa na projestini iliongeza saratani ya matiti: wagonjwa wanane wa ziada kwa kila wanawake 10,000 kwa mwaka. Katika tawi jingine la utafiti huo, wanawake waliokwisha kuondolewa mji wa mimba walipewa estrojeni peke yake, na ongezeko hilo halikuonekana.

Uchambuzi mpana zaidi uliochapishwa mwaka 2019 ulikadiria kuwa mwanamke akianza dawa hizi akiwa na miaka 50 na kuzitumia kwa miaka mitano, mchanganyiko wa estrojeni na projestojeni ya kila siku huleta mgonjwa mmoja wa ziada kwa kila watumiaji 50, na estrojeni peke yake mmoja kwa kila 200. Kwa hiyo dawa hizi zitolewe kwa sababu ya haki, kwa muda unaohitajika, baada ya mwanamke kuelezwa faida na hatari, na kamwe zisinunuliwe bila ushauri wa daktari.

8. Kwa nini karatasi ya majibu ya damu haitoshi

Sasa turudi kwenye bahasha ya yule mama. Kiwango cha estrojeni cha mwanamke anayepata hedhi hupanda na kushuka ndani ya mwezi mmoja. Siku chache kabla ya yai kupevuka chaweza kuwa mara tano au zaidi ya kile cha siku za mwanzo wa hedhi. Akipimwa leo na akapimwa wiki ijayo, atapata karatasi mbili zisizofanana, na zote zikawa za kawaida.

Hata kwa mwanamke aliyekoma hedhi, ambaye kiwango chake kimetulia, tarakimu moja haitabiri. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, kwamba kati ya wanawake 1,000 wenye estrojeni ndogo 10 watapata saratani ya matiti katika kipindi fulani, na kati ya 1,000 wenye estrojeni nyingi watapata 20. Hatari imekuwa maradufu. Hata hivyo, 980 wenye estrojeni nyingi hawakuugua, na 10 wenye estrojeni ndogo wameugua. Ukiwaambia wa kundi la kwanza kuwa wako salama, umewadanganya kumi. Ukiwatisha wa kundi la pili, umewatisha mia tisa na themanini bure.

Kipimo cha homoni katika damu kina kazi zake halali, kama vile kuchunguza ugumba au hedhi zisizo na mpangilio. Lakini hakigundui saratani ya matiti, na hakiiondoi. Dawa zinazouzwa kwa jina la kusawazisha homoni hazina ushahidi wa kuondoa uvimbe wa titi. Madhara yake makubwa huenda ni muda unaopotea.

9. Kipimo chenye jibu: vipokezi vya homoni

Uvimbe wa titi unapotiliwa shaka, hatua ya lazima ni kuchukua kinyama kwa sindano maalumu na kukipeleka maabara ya patholojia. Saratani ikithibitishwa, kinyama hichohicho hupimwa vipokezi vya estrojeni na vya projesteroni, pamoja na protini iitwayo HER2. Hapa homoni hutoa jibu linalobadili matibabu.

Asilimia 1 au zaidi ya seli za saratani zikiwa na vipokezi vya estrojeni, uvimbe huhesabiwa kuwa na vipokezi, na mgonjwa aweza kufaidika na dawa za kuzuia homoni. Tamoksifeni huziba tundu la kufuli, na ufunguo wa estrojeni ukakosa pa kuingia. Kidonge kimoja cha miligramu 20 kila siku kwa miaka mitano hupunguza vifo kutokana na aina hii ya saratani kwa takribani theluthi moja. Ni dawa ya zamani, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kwa waliokoma hedhi zipo pia dawa zinazozuia kimeng'enya cha aromatasi. Hizi hazifai kutumiwa peke yake kwa mwanamke ambaye ovari zake bado zinafanya kazi.

Mgonjwa anayetumia tamoksifeni aelezwe kwamba joto la ghafla ni la kawaida, na kwamba atoe taarifa mara moja akitokwa damu ukeni baada ya ukomo wa hedhi, akivimba mguu mmoja au akipata shida ya kupumua. Asishike mimba akiwa anaitumia, na atumie njia ya uzazi wa mpango isiyo na homoni. Zaidi ya yote, asiache dawa kwa sababu tu anajisikia mzima.

Zipo saratani zisizo na vipokezi vya homoni wala HER2. Hizi huonekana kwa kiwango kikubwa zaidi kwa wanawake vijana na kwa wanawake wenye asili ya Afrika. Tamoksifeni haizisaidii, zinahitaji dawa za kemikali, upasuaji na mara nyingi mionzi. Ndiyo maana haifai kukisia.

*Ujumbe kwa wanaochukua sampuli.* Ubora wa jibu huanzia kwenye chumba cha upasuaji. Kinyama kikicheleweshwa kuingia katika formalini, vipokezi huharibika, na uvimbe wenye vipokezi huripotiwa kuwa hauna. Mapitio ya tafiti za Afrika yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionesha kuwa vinyama vilivyohifadhiwa zamani vilitoa majibu machache zaidi yenye vipokezi kuliko vile vilivyokusanywa kwa utaratibu ulioandaliwa. Mgonjwa asiyepewa tamoksifeni kwa sababu ya chupa iliyocheleweshwa amenyimwa tiba bila yeye kujua. Kwa hiyo:

- weka kinyama katika formalini ya asilimia 10 iliyotengenezwa ipasavyo ndani ya saa moja;
- formalini iwe angalau mara kumi ya ujazo wa kinyama;
- kinyama kikae humo kati ya saa 6 na 72 kabla ya kusindikwa;
- andika kwenye fomu saa kilipotolewa na saa kilipoingizwa katika formalini.

10. Mazungumzo katika chumba cha uchunguzi

Muuguzi kijana aliyempokea mama yetu aweza kuzungumza naye hivi:

– Shikamoo, mama.

– Marahaba, mwanangu. Nimekuja na majibu yangu. Homoni zangu ziko sawa, lakini uvimbe bado upo.

– Pole sana, mama. Umefanya vyema kuja. Majibu haya ni ya damu, nayo hayawezi kutuambia uvimbe huu ni kitu gani. Naomba ruhusa yako nikuchunguze matiti yote mawili na makwapa.

– Ina maana nina saratani?

– Siwezi kusema hivyo, mama, na sitaki kukudanganya. Vimbe nyingi za matiti si saratani. Lakini wako haujaondoka kwa miezi mitano, na ngozi imebonyea. Unapaswa kuchukuliwa kinyama hospitali ya rufaa, na ningependa iwe wiki hii.

– Nimesikia kuwa kinyama kikikatwa, ugonjwa husambaa.

– Wengi husikia hivyo, mama. Kinachosambaza ugonjwa ni kuuacha ukae. Sindano hiyo ndiyo itakayotuonesha kama ni saratani, na kama ni saratani, ni ya aina gani na dawa yake ni ipi. Ungependa nani wa nyumbani akusindikize?

Muuguzi huyu hakumlaumu mama kwa muda uliopotea. Amempa ukweli, siku ya kwenda na mtu wa kumsindikiza. Kinachobaki ni barua ya rufaa, namba ya simu ya kumfuatilia, na kuhakikisha kwamba amefika kweli. Shirika la Afya Duniani linapendekeza uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kwa mara ya kwanza; kituo chaweza kuuhesabu muda huo kwenye rejista yake chenyewe.

Kwa ndugu msomaji ambaye ni mgonjwa au mlezi wa mgonjwa, dalili zinazodai uchunguzi bila kusubiri ni: uvimbe mpya katika titi au kwapa, hata usiouma, ngozi iliyobonyea au kuwa kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani ghafla, majimaji yenye damu kutoka kwenye chuchu, na kidonda cha chuchu au titi kisichopona. Maumivu ya matiti yote mawili yajayo kabla ya hedhi na kuondoka baada yake huwa ni kazi ya kawaida ya homoni. Uvimbe unaobaki baada ya hedhi kupita usiitwe homoni mpaka uchunguzwe.

Muhtasari

Estrojeni nyingi, na kwa miaka mingi, huongeza hatari ya saratani ya matiti. Kunyonyesha, uzito wa wastani, mazoezi na kuepuka pombe huipunguza. Njia za uzazi wa mpango zenye homoni huongeza hatari hiyo kidogo sana, nayo hupungua zikiachwa. Kiwango cha homoni katika damu hakimwambii mwanamke mmoja kama ana saratani au atakuwa nayo. Mwenye uvimbe asiombe kupimwa homoni za damu. Aombe kuchukuliwa kinyama. Na saratani ikithibitishwa, aulize swali hili: «Je, vipokezi vyangu vimepimwa, na majibu yake ni yapi?» Ni haki yake kujibiwa.

Maswali ya kujipima

1. Eleza kwa maneno mepesi kwa nini unene huongeza hatari ya saratani ya matiti hasa baada ya ukomo wa hedhi.
2. Mwanamke wa miaka 28 anataka kuacha vipandikizi kwa kuwa mama yake mdogo ana saratani ya matiti. Utamshauri nini, na kwa takwimu zipi?
3. Kwa nini mwanamke mwenye kiwango cha kawaida cha estrojeni katika damu aweza kuwa na saratani yenye vipokezi vya estrojeni?
4. Kinyama cha titi kimetolewa saa nne asubuhi na kikaingizwa katika formalini saa tisa alasiri. Kosa hili laweza kumdhuru mgonjwa kwa namna gani?
5. Katika kituo chako, ni siku ngapi hupita tangu mwanamke aoneshe uvimbe wa titi hadi apate jibu la patholojia? Ni hatua ipi mngeweza kuifupisha mwezi huu?